Nyumba ya Ukungu na Nyumba ya Chemchemi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikutambulishe kwanza kwa watu. Hadithi ya ukoo uliogawanyika humchosha msikilizaji kwa sababu anatupiwa majina kumi kwa pumzi moja. Mimi sitakutupia hata moja. Nitakuonyesha watu wanne tu, taratibu, na ukimsahau mmoja usijilaumu, nitakukumbusha.

Wa kwanza ni Bibi wa Majivu. Yeye ndiye mama wa ukoo. Akiwa hai aliweza kuita ukungu kutoka kileleni na kuita maji kutoka ardhini, akakaa na uwezo wote huo kwenye jiko moja. Alipokufa, uwezo ulipasuka katikati. Mwanawe mkubwa, Mwenye Ukungu, akabaki na ukungu, akapanda kuishi juu mlimani. Mdogo, Mwenye Chemchemi, akabaki na maji, akashuka kuishi chini. Wakawa hawasemezani. Shida ni kwamba ukungu peke yake haunyweki, na chemchemi isiyopata ukungu kule juu hukauka, kwa hiyo kila mmoja alikuwa anakufa polepole kwa kukosa kitu kilichokuwa mikononi mwa mwenzake. Wa nne ni Mbega, yule nyani mweusi mwenye mkia mweupe, ambaye ndiye pekee aliyeruhusiwa kupita katikati ya nyumba hizo mbili. Basi. Wamekwisha.

Hadithi hii niliitunga mimi, na tuliicheza kwa sehemu, Jumapili ya mwisho ya mwezi baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chekechea ninakofundisha hapa Moshono. Ilianza kama kitu kidogo cha kuwachangamsha wazazi. Ikakua. Kufikia sehemu ya nne watu walikuwa wanakuja na viti vyao kutoka nyumbani. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata akaniuliza kwa upole kama ni busara kufundisha watoto uchawi. Shangazi yangu, aliyekuwa amesimama pale na chupa ya chai, akamjibu kwamba si uchawi, ni karama, na karama hata yeye mzee alikuwa anaiomba kila Jumatano. Mzee akacheka. Sehemu iliyofuata alikaa mbele.

Sasa nikuonyeshe waigizaji, maana hapo ndipo penyewe.

Shangazi huyo ndiye alikuwa Bibi wa Majivu. Alijipaka majivu halisi ya jikoni, akatokea nyuma ya pazia akikohoa kikohozi cha marehemu, na watoto walimwogopa hata akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mwenye Ukungu alikuwa baba yangu. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mrefu, anayesimama kana kwamba kuna ramani nyuma yake. Mwenye Chemchemi alikuwa mdogo wake, baba mdogo wangu, mwenye duka la mbao na misumari kule Maji ya Chai, mtu wa utani ambaye huwezi kununua bawaba kwake bila kuulizwa unamfungia nani mlango. Mbega nilicheza mimi mwenyewe, kwa sababu kijana wa kwaya niliyekuwa nimempa nafasi hiyo alipata kazi Kisongo, akawa anapangiwa zamu za Jumapili.

Na baba na baba mdogo, msikilizaji, katika maisha ya kweli walikuwa hawasemezani.

Nitakueleza kwa nini, ni jambo fupi. Kwetu ni Kilimanjaro. Bibi yangu, mama yao, aliugua na kufa kule kwenye kihamba, shamba la ukoo, na mtoto aliyekuwa naye siku hiyo ni baba mdogo peke yake. Baba alikuwa anafundisha mbali, kusini, na mvua ilikuwa imekata barabara. Simu hazikupita. Baba mdogo na wazee wa ukoo walisubiri, wakasubiri, mwisho wakazika. Baba alipofika alikuta udongo umeshasawazishwa na miche ya masale imekwisha kupandwa juu ya kaburi. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka jinsi alivyozunguka akisalimia kila mtu pale uani kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akampita mdogo wake kama anavyopita nguzo.

Watu hudhani kilichomuuma ni kuzikwa kwa mama yake yeye akiwa hayupo. Ni kweli kiliuma. Lakini kuna kitu kilichokuwa kinamla zaidi, na mimi alinieleza siku moja tu, tukiwa tunapunguza machipukizi kwenye migomba nyuma ya nyumba. Alisema bila kuniangalia kwamba kuna jambo moja angependa kulijua kabla hajafa.

"Mama aliniulizia?"

Yaani alipokuwa anakata roho, je, alimtaja mwanawe mkubwa, alitaka kujua yuko wapi? Mtu mmoja tu duniani alijua jibu. Na ili kulipata, ilibidi baba afungue kinywa kwa mtu huyo. Swali hilo lishike, msikilizaji. Mengine yote ukiyaacha yadondoke, si neno.

Waliingiaje wote wawili kwenye igizo moja? Kwa muundo wa hadithi yenyewe. Nyumba ya Ukungu na Nyumba ya Chemchemi hazikutani hadi sehemu ya mwisho. Kwa hiyo Nyumba ya Ukungu niliifanyisha mazoezi Moshono, sebuleni kwa baba, na Nyumba ya Chemchemi niliifanyisha Maji ya Chai, nyuma ya duka, juu ya mbao za baba mdogo. Kila mmoja alijua mwenzake yumo. Hakuna aliyesema lolote kuhusu hilo. Hata siku za maonyesho walipishana nyuma ya pazia, mmoja akitoka kwa mlango wa stoo na mwingine akiingia kwa mlango wa jiko.

Kisha kikaanza kitu ambacho sikukitarajia. Baba aliniambia siku moja kwamba Mwenye Ukungu anahitaji kuongezewa sentensi. Wote wawili huniita mama, kwa sababu mimi ndiye niliyerithi jina la mama yao, kama ilivyo desturi kwetu kwa binti wa kwanza.

"Mama, hapa Mbega anaposhuka, Mwenye Ukungu amtume ujumbe. Aseme: mwambie wa chini kwamba chemchemi isiyochungwa huingia tope."

Niliiandika, nikaipeleka Maji ya Chai. Baba mdogo aliisoma akiwa ameegemea rundo la mbao, akajikuna kidevu kwa penseli ya fundi. Akasema Mwenye Chemchemi hawezi kunyamaza hapo, wasikilizaji watamwona mjinga.

"Andika, mama. Amwambie wa juu kwamba aliyejificha ndani ya ukungu asilalamike kwamba haonekani."

Niliipeleka. Baba aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasema ni sentensi nzuri, ni nani aliyeitunga. Nikamwambia ni Mwenye Chemchemi. Akatikisa kichwa kama mwalimu anayekubali kwa shingo upande kwamba mwanafunzi amepata. Tuliendelea hivyo miezi kadhaa. Mazungumzo ya Mbega yakawa marefu, watu ukumbini wakayapenda kuliko kitu chochote, wakawa wanayarudia sokoni. Hawakujua kwamba walikuwa wanasikiliza ndugu wawili wakigombana kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nilijua, na nilifurahi kama mtu aliyeona moshi unatoka kwenye jiko lililozimika.

Ikabaki sehemu ya mwisho, ambapo watoto wa nyumba zote mbili wanawalazimisha wakubwa kukutana. Mwenye Chemchemi anapanda mlimani kumwomba kaka yake msamaha. Na kwetu msamaha wa namna hiyo unaombwa kwa isale.

Kama hukulijua, ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani na makaburini. Mtu aliyekosa hulifunga fundo, akamletea aliyemkosea. Anayeletewa isale halikatai. Anaweza kuwa ameibiwa, ametukanwa, ameumizwa, lakini jani likishafika mkononi mwake, neno limekwisha. Ndiyo maana watu hawalichezei. Hata mtoto akilikata na kulifunga fundo kwa michezo yake, mkubwa atamwambia aache.

Kwa hiyo baba alinipa sharti moja. Alisema atacheza, atasema maneno yote, lakini jani liwe la karatasi. Nami niliona ana haki. Nililikata kwenye karatasi ya manila, nikalipaka rangi ya kijani, nikalifunga fundo, na nikamweleza baba mdogo sharti hilo bila kuficha. Alinisikiliza, akasema sawa.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilikuwa nyuma ya pazia na mkia wangu wa Mbega, nimelishika jani la karatasi nimpe baba mdogo anapopita. Alipofika aliusukuma mkono wangu taratibu. Akafungua koti. Ndani alikuwa na isale lenyewe, limelegea kidogo kwa safari.

"Nililifuata nyumbani jana," alisema. "Ni la kaburini kwa bibi yako, mama."

Nilitaka kumzuia. Sijui ningemzuia kwa neno gani. Alikuwa ameshaingia jukwaani.

Baba alikuwa amesimama juu ya meza tuliyoifanya mlima, na shuka jeupe limemzunguka. Baba mdogo alipiga magoti mbele yake, mwili mzima wa mzee yule ukishuka kwa shida, akanyoosha jani. Niliona baba alivyoliangalia. Karatasi haining'inii vile. Alijua palepale. Watu ukumbini walidhani ni ufundi wa kuigiza, na mama mmoja wa Kimeru mstari wa mbele, aliyelitambua jani, alijishika mdomo. Mkono wa baba ulibaki hewani muda mrefu. Kisha akalipokea. Angekataa vipi, mbele ya watoto wa chekechea na wazazi wao? Alisema sentensi ya kwanza ya maneno yake, "Nimepokea," na hotuba yote iliyobaki hakuisema. Akashuka mezani, akatoka kwa mlango wa stoo. Watu walipiga makofi hadi vumbi likatoka kwenye mapazia.

Jani aliliacha kwenye kiti. Shangazi ndiye aliyelichukua, akalitia kwenye ndoo ya maji.

Jioni ile nilimkuta baba amekaa barazani. Alisema aliyepokea ni Mwenye Ukungu, si yeye. Kesho yake nilikwenda Maji ya Chai. Baba mdogo alikuwa anapima mbao za mteja, na hakusimamisha kazi alipokuwa ananijibu.

"Jani halijui maigizo, mama. Mwambie limempokea yeye hata kama yeye hakulipokea."

Nikarudi. Baba akasema mtu anayetaka msamaha huja nyumbani, mchana, na mtu wa tatu, hasubiri kaka yake apande juu ya meza mbele ya watu. Nikashuka tena. Baba mdogo akasema angekwenda nyumbani, mlango ungefunguliwa na nani? Kila mmoja alikuwa na haki, ndiyo shida. Mimi hupenda kueleza, ni kazi yangu, na nimezoea kwamba jambo likielezwa vizuri, taratibu, bila kumkaripia mtu, hueleweka. Hawa walikuwa wanaelewana kabisa, na kuelewana hakukusaidia chochote. Tulimpigia simu mzee wa ukoo kule nyumbani. Alicheka sana, akasema katika umri wake wote hajapata kusikia kesi ya isale la jukwaani, akatushauri wafanye upya, kwa jani jingine, kwenye kihamba, na mbege, ile pombe yetu ya ndizi.

Shangazi alisema lake pia, akiwa anatwanga vitunguu saumu jikoni kwangu.

"Mmoja amemwomba msamaha mtu wa hadithi, na mwingine amemsamehe mtu wa hadithi. Wenyewe wako palepale. Wapeni viboko."

Lakini baba alilainika. Nilimwona. Alianza kuuliza, kama kwa bahati mbaya, duka linaendeleaje, kama bado anauza misumari kwa kilo. Mwisho akakubali waende nyumbani baada ya mvua, barabara ya kwenda kihambani ikikauka. Nilipompelekea baba mdogo habari hiyo alinipa bawaba mbili bure, akasema nikamfungie mlango yeyote nimtakaye.

Mvua hazikuwa zimekatika baba mdogo alipoanguka. Alikuwa anamshushia mteja mbao, mkono wa kulia ukaachia, kisha mguu. Kiharusi. Aliwahishwa hospitali, akanusurika kufa. Upande wa kulia ukawa kama si wake, na maneno yakaondoka. Alikuwa anatuangalia, anatutambua, midomo inajipanga, halafu inatoka sauti moja ileile, fupi, kama mtu anayeitikia simu.

Baba nilimpeleka mimi. Alivaa koti la suti. Alipofika kitandani alisimama, akakosa pa kuweka mikono, kisha akavuta kiti, akaushika mkono wa kushoto wa mdogo wake, ule mzima. Nilidhani atamsalimu. Badala yake swali lile likatoka, na kwa kuwa lilikuwa limekaa ndani miaka yote ile, halikutoka peke yake.

"Mama aliniulizia? Au hakuniulizia? Ulimwambia niko njiani? Alikuelewa ulipomwambia?"

Baba mdogo akauminya mkono. Niliona vidole vikikaza. Aliminya mara moja, kwa nguvu, huku machozi yakimtoka jicho moja. Na baba akabaki amekodoa macho, kwa sababu hakujua ameminyiwa swali lipi. Ndiyo, aliulizia? Ndiyo, hakuulizia? Akarudia yote, upesi zaidi, akiinama, na mkono ukaminya tena, kisha macho yakafumba kwa uchovu.

Muuguzi aliyekuja kumgeuza alituambia tusimrundikie. Alituelekeza namna ya kuuliza, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kesho yake tulifuata alivyosema. Baba aliuliza swali moja tu, polepole, kwa sauti yake ya darasani. Mkono ukaminya. Nilifurahi, nikamshika baba bega. Lakini muuguzi, ambaye alikuwa anatazama, akamwuliza mgonjwa kama yeye ni mwanamke. Mkono ukaminya. Akamwuliza kama mvua inanyesha humu wodini. Mkono ukaminya vilevile.

Alitutoa nje kidogo akatueleza. Wapo wagonjwa ambao wanasikia, wanaelewa, lakini ndiyo na hapana zimechanganyika njiani, na mkono hujibu tu kwamba upo. Wengine hurudi, wengine hawarudi. Hakutuahidi. Tuendelee kila siku, kidogo kidogo, na tusimfanye aone kwamba ameshindwa.

Baba sasa huenda kila asubuhi. Nyumbani kwa baba mdogo amewekewa kitanda sebuleni, karibu na dirisha linaloangalia mlima. Baba humlisha uji mzito kwa kijiko, akimwambia habari za nani amefika dukani. Shangazi naye huwakuta hapo akawatania kwamba walinyamaziana wakiwa na midomo miwili, sasa wanaongea wakiwa na mmoja. Baba mdogo hucheka. Kicheko hakikuharibika.

Siku moja nilikuwa nakunja nguo kwenye chumba cha pili, nikamsikia baba akisema, "Lile jani nililipokea mimi." Nilisogea mlangoni. Mkono ulikuwa umeminya. Baba aliutazama muda mrefu, kama anavyotazama kazi ya mwanafunzi anayempenda ambayo hawezi kuisoma, kisha akachukua kijiko akaendelea. Nami nikarudi kwenye nguo zangu.

Swali lake bado halijajibiwa. Huliuliza mara moja kwa siku, baada ya uji, na hushukuru kwa lolote analominyiwa. Kuna asubuhi mkono ulikawia sana kabla ya kuminya, na sote wawili tukainama kuutazama. Kesho yake haukukawia.

Nawe kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, fanya alivyotuelekeza yule muuguzi. Zima redio. Kaa upande wake ulio mzima, mahali anapokuona uso. Kubalianeni ishara kwanza: kuminya ni ndiyo, kufumba macho ni hapana. Uliza swali moja, fupi. Kisha nyamaza, mkono wako ukiwa ndani ya wake, usiulize la pili hadi amalize kujibu la kwanza.